Jina la ndani likitoka nje: kutengeneza kompaila inapokosea vigeu vya uzi

Alikuja Jumamosi baada ya alasiri, laptopu mkononi, hata hajakaa. "Maalim, linka yaniambia salio ziko mbili. Nami nimeandika static kote kuwili."

Ni binti wa Kisauni, mmoja wa vijana wanaokuja kusoma chumbani kwangu ghorofani, Kibokoni, Mombasa. Programu yake ni ya duka la viungo la ami yake, pale Marikiti. Wauzaji ni wawili, kila mmoja na mizani yake, na kila mizani ina thredi yake ndani ya programu, yaani mfuatano wa kazi unaokwenda sambamba na wa mwenziwe. Faili moja, mizani.c, inahesabu gramu. Ya pili, kaunta.c, inahesabu shilingi. Kila faili imeiita hesabu yake `salio`, na ina haki ya kufanya hivyo. Linka, ile inayoziunganisha faili kuwa programu moja, ikamjibu:

```
ld: kaunta.o:(.tbss+0x0): multiple definition of `salio';
    mizani.o:(.tbss+0x0): first defined here
```

Alikuwa amekwisha kulibadilisha jina la faili moja likawa `salio2`, na kosa limeondoka. Nikamwomba alirudishe kama lilivyokuwa. Sheria ya lugha ya C inampa ruhusa ya kutumia jina lile kote kuwili, kwa hiyo aliyekosea si yeye.

Kompaila anayotumia, ile inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, naiandika mwenyewe kwa ajili ya darasa hili. Ni ndogo, inasoma C na kutoa asembli (amri za prosesa zilizoandikwa kwa maneno) ya x86-64, prosesa za laptopu nyingi, na makosa yote inayasema kwa Kiswahili. Kijana akisoma "umesahau nuktamkato mwisho wa mstari wa 12" anajua la kufanya, haishii kuitazama skrini kwa woga. Ndiyo maana nikaianza, na ndiyo maana siku ile sikulala: nilichokiandika kilikuwa kimemfanya mtu aliye sawa ajione amekosea.

Nitakueleza nilivyoitafuta kasoro na nilivyoiondoa. Ukiwa na kompaila yako, au unachungulia ya mwenzio, njia ni hiyo hiyo.

Tuelewane maneno kwanza. Thredi darasani tunaiita uzi. Kigeu cha uzi ni kigeu ambacho kila uzi una nakala yake. Watazame wauza kahawa wa Mji wa Kale: kila mmoja ana dele lake. Ukisema "nitilie kikombe", kila mmoja atainamisha lake. Jina ni dele kwa wote, lakini kahawa ya huyu haimo katika la yule. Kwenye C unaandika `_Thread_local` mbele ya tamko. Neno hilo liliingia kwenye kiwango cha C cha mwaka 2011 (C11), na kile cha baadaye, C23, kinakuruhusu kuandika `thread_local` bila kuongeza kitu. Uzi unapozaliwa, hupewa eneo lake la kumbukumbu: vigeu vilivyo na thamani ya kuanzia hunakiliwa kutoka fungu la `.tdata`, na visivyo nayo, vya `.tbss`, huwekwa sifuri.

Kiungo cha jina ni jambo jengine kabisa. Nyumba mbili za kichochoro kimoja zaweza kuwa na mtoto anayeitwa Kibibi, kila nyumba na wake, na hapana anayechanganyikiwa, kwa sababu jina linaitwa ndani. Hilo ni jina la `static`: lina kiungo cha ndani, haliendi nje ya faili. Jina lenye kiungo cha nje ni lile linalotangazwa kwa kipaza sauti, mtaa mzima ukalisikia. Kwenye asembli, kipaza sauti hicho kinaitwa `.globl`.

Kigeu cha uzi chaweza kuwa na kiungo cha ndani au cha nje. Swali la "nakala ngapi" halijibu swali la "jina linasikika wapi". Ukishika hilo tu, nusu ya kazi imekwisha.

Sasa kazi yenyewe. Kabla hujafungua msimbo wa kompaila, punguza programu inayosumbua. Yake ilikuwa na mistari mia kadhaa. Tulikata nusu, tukakompaili, tukatazama kama jina bado linatoka nje. Likitoka tunakata tena, lisipotoka tunarudisha na kukata upande wa pili. Kahawa ya pili ilipoisha ikawa imebaki hii:

```c
static _Thread_local int salio;

void ongeza(int k) {
    extern _Thread_local int salio;
    salio += k;
}
```

Ule mstari wa `extern` ndani ya kitendo (function) aliuweka ili msomaji ajue kigeu kinatoka juu. Ni mazoea niliyomfundisha mimi. Tukauondoa, kasoro ikatoweka. Tukaurudisha, tukaondoa `_Thread_local` mahali pote pawili: kasoro ikatoweka pia. Inahitaji vyote viwili kwa pamoja. Andika ugunduzi wa namna hii kwenye karatasi, kwa sababu unakuonyesha mlango: mahali ambapo kompaila inashughulikia `extern` na uzi kwa wakati mmoja.

Halafu hakikisha sheria iko upande wako. C11, kifungu 6.2.2 aya ya 4, inasema jina likitamkwa kwa `extern` mahali ambapo tamko lake la awali linaonekana, na lile la awali lina kiungo cha ndani au cha nje, basi jipya linarithi kiungo hicho hicho. La awali hapa ni `static`, kwa hiyo `salio` ya ndani ya kitendo nayo ni ya ndani. Kifungu 6.7.1 aya ya 3 kinaongeza mawili: kigeu cha uzi kikitamkwa ndani ya kitendo lazima kiwe na `static` au `extern`, na `_Thread_local` ikionekana kwenye tamko moja la kitu lazima ionekane kwenye matamko yake yote. Alifuata yote.

Hatua inayofuata ni kuitazama kwa `readelf` faili ya `.o`, ile inayotoka kabla ya linka kuigusa, na hapa nakusihi usiruke. Usianze na programu iliyokwisha fungwa na linka. Nitakueleza sababu mbele kidogo.

```
$ readelf -sW mizani.o | grep -w salio
  6: 0000000000000000  4 TLS  GLOBAL DEFAULT  5 salio
```

Soma neno kwa neno. `TLS` ni aina: kigeu cha uzi, sawa. 4 ni baiti zake, sawa. `GLOBAL` ndiyo kosa. Ilipaswa kuwa `LOCAL`. Kwa hiyo sehemu ya kompaila inayohifadhi kigeu kwenye fungu la nyuzi inafanya kazi, na sehemu ya kiungo ndiyo iliyoharibika. Nilipoikompaili faili ile ile kwa GCC na Clang, kompaila zinazotumika sana, zote mbili zilitoa `LOCAL`. Napenda kuuliza mbili, isiwe nimemfuata mmoja aliyepotea.

Sasa asembli ambayo kompaila yangu iliandika:

```
    .globl salio
    .section .tbss,"awT",@nobits
    .align 4
salio:
    .zero 4
    ...
    movq salio@gottpoff(%rip), %rax
    movl %fs:(%rax), %ecx
```

Hapa nilikaa muda mrefu, kwa sababu mna makosa mawili na chanzo kimoja. La kwanza ni `.globl`. La pili ni ile `@gottpoff`: kompaila inakwenda kutafuta nafasi ya kigeu kwenye jedwali la GOT, orodha ya anwani zinazojazwa baadaye, kana kwamba haijui kimefasiliwa wapi, ilhali kiko mistari michache tu juu yake. Kigeu cha ndani kwenye programu ya kawaida hufikiwa moja kwa moja, `%fs:salio@tpoff`. Kwenye x86-64 rejista (kihifadhi kidogo cha prosesa) ya `fs` inaelekeza kwenye kichwa cha uzi na vigeu vimekaa chini yake, kwa hiyo nafasi zake ni hasi. `int` moja ikiwa peke yake inakaa `-4`.

Nikachapisha jedwali la majina la kompaila. Kulikuwa na `salio` mbili: moja ya ndani, na ya pili ya nje ambayo haina fasili. Kompaila yangu huandika `.globl` kwa kila jina la nje lililomo kwenye jedwali, hata lisilofasiliwa hapo. Siku zote halikuwa na madhara, maana asembla, inayogeuza asembli kuwa `.o`, hulichukulia jina lisilofasiliwa kuwa la nje. Lakini asembla haijui kwamba ndani ya kompaila mna vitu viwili. Inaona herufi s-a-l-i-o, inaona amri ya kutangaza, inaona lebo ya jina hilo, na inaitangaza lebo. Jina la ndani limetolewa nje na ndugu yake wa uongo.

Kitendo chenye lawama kilikuwa hiki:

```c
static Kigeu *tamka(Tamko *t) {
    if (t->ni_uzi)
        return kigeu_kipya(t);

    Kigeu *awali = tafuta(t->jina);
    if (t->ni_extern && awali && awali->kiungo != BILA)
        return unganisha(awali, t);

    return kigeu_kipya(t);
}
```

Vigeu vya uzi niliviongeza baadaye, kompaila ikiwa tayari inatumika, nikaviwekea njia yao juu kabisa ya kitendo. Njia hiyo inatoka kabla ya kuuliza kama jina limeshatamkwa. Vigeu vya kawaida vinaulizwa, vya uzi haviulizwi.

Ukifika hapa kuna kishawishi cha kuliziba shimo mahali lilipoonekana, yaani kule kwenye uandishi wa asembli: "kama jina hili lipo pia kama la ndani, usiandike `.globl`." Usifanye hivyo. Linka itanyamaza, lakini jedwali litabaki na vitu viwili, na kila sehemu nyengine inayouliza "hiki ni cha ndani?" itapata jibu tofauti kulingana na nakala iliyoishika. Ile `@gottpoff` ingebaki pale pale. Tengeneza mahali kitu cha pili kinapozaliwa:

```c
static Kigeu *tamka(Tamko *t) {
    Kigeu *awali = tafuta(t->jina);

    if (t->ni_extern && awali && awali->kiungo != BILA) {
        if (awali->ni_uzi != t->ni_uzi)
            kosa_uzi(t, awali);
        return unganisha(awali, t);
    }
    return kigeu_kipya(t);
}
```

Njia ya pekee ya nyuzi imeondoka. `unganisha` inarudisha kitu kile kile cha awali, na kiungo chake hakiguswi. Ukaguzi wa `ni_uzi` nimeuweka ndani ya sharti, si kabla yake, kwa sababu mtu anaweza kihalali kuwa na `int salio` ya kawaida ndani ya kitendo inayofunika ile ya juu. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na kuvilinganisha kungemkemea asiye na kosa.

Hilo `BILA` lataka maneno mawili. Kigeu cha kawaida cha ndani ya kitendo hakina kiungo chochote. Mtu akiandika `static` juu, kisha `int salio` ndani ya kitendo, kisha ndani zaidi `extern _Thread_local int salio`, tamko linaloonekana ni lile lisilo na kiungo, na sheria inasema la ndani kabisa ni la nje. Faili moja sasa ina jina moja lenye viungo viwili, na kiwango kinasema tabia yake haikufafanuliwa. Mimi nimechagua kompaila isimame na kumwambia mwandishi.

Nikajenga upya, `readelf` ikasema `LOCAL`, na programu ya Marikiti ikafungika. Lakini usifunge laptopu bado, maana ukarabati wa kiungo unagusa uchaguzi wa namna ya kukifikia kigeu, na hapo ndipo nilipovunja kitu kingine usiku ule ule.

Namna ziko nne. Programu ya kawaida: kigeu cha ndani hufikiwa moja kwa moja kwa `@tpoff`, na cha nje kisichojulikana kilipo hupitia GOT kwa `@gottpoff`. Maktaba ya pamoja, ile ya `.so`: cha ndani hutumia `@tlsld` na cha nje `@tlsgd`, zote mbili zikimwita `__tls_get_addr`, kwa sababu maktaba haijui mapema itapewa nafasi gani. Msimbo wangu wa zamani ulisema tu "kikiwa cha ndani, tumia `@tpoff`", haukuuliza kama tunatengeneza maktaba. Kwa kuwa vigeu vya uzi vilivyotamkwa kwa `extern` vilikuwa vikihesabiwa vya nje kimakosa, kosa hilo lilikuwa limefichika. Nilipokirudishia kigeu kiungo chake cha haki, linka ikakataa:

```
relocation R_X86_64_TPOFF32 against `salio' can not be used
when making a shared object
```

Kwa hiyo uliza maswali mawili, daima kwa mpangilio huu: tunatengeneza nini, kisha jina ni la ndani au la nje.

Na maktaba ndiyo iliyonitia hofu zaidi niliporudi kufikiria kasoro ya kwanza. Kwenye programu moja, majina mawili ya nje hugongana na linka hupiga kelele. Kama mizani na kaunta zingekuwa maktaba mbili za `.so`, hapangekuwa na kelele. Kipakizi, kinachozipakia maktaba programu inapoanza, kingechukua `salio` ya kwanza kuionekana na kuzielekeza maktaba zote mbili kwake. Gramu za iliki zingejumlishwa na shilingi, ndani ya uzi wa kila muuzaji, na ami yake angefunga duka jioni na hesabu isiyo ya kweli. Kwa hiyo jaribio la kasoro ya kiungo lisiishie kwenye "linka imekubali".

Majaribio niliyoyaweka ni haya. Jozi ya mizani.c na kaunta.c kama zilivyo, majina yasibadilishwe. Jaribio linalosoma `readelf` na kukataa ikiwa `salio` si `LOCAL`. Jozi hiyo hiyo ikijengwa kuwa maktaba mbili, kisha programu yenye nyuzi mbili: kila uzi unaongeza gramu 250 mara tatu na shilingi 100 mara tatu, na mwisho kila mmoja lazima usome 750 na 300. Na la mwisho, matamko yaliyo upande mmoja na `_Thread_local` na upande wa pili bila, ambayo kompaila lazima iyakatae. Kati ya faili na faili, linka nayo ina ulinzi wake, inakataa kuchanganya jina la uzi na lisilo la uzi. Lakini ndani ya faili moja anayelinda ni wewe.

Sasa ile sababu ya kukagua `.o`. Linka inapofunga programu ya kawaida huruhusiwa kurahisisha: ikiona `@gottpoff` ya kigeu ambacho imeshajua kilipo, huiandika upya amri yenyewe ikawa nafasi ya moja kwa moja. Kwa hiyo programu ya mwisho ya kompaila mbovu na ya kompaila nzuri zote mbili zitatumia nafasi ya moja kwa moja, na ukizitazama kwa `objdump -d`, inayoonyesha amri za mashine, `@gottpoff` huioni tena. Tumia `objdump -dr` kwenye `.o`, uone kila rilokesheni (agizo kwa linka la kujaza anwani) chini ya amri yake: `R_X86_64_TPOFF32` ikiwa sawa, `R_X86_64_GOTTPOFF` ikiwa bado.

Wenye simu tu, na darasani ni wengi, wajue hili. Kwenye ARM ya biti 64, prosesa ya simu nyingi, rejista ni `tpidr_el0`, na vigeu vinakaa juu ya kichwa cha uzi, baada ya baiti zisizopungua 16, kwa hiyo nafasi ni chanya. Na Android ilianza kukubali vigeu vya uzi vya namna hii kuanzia toleo la 10, la mwaka 2019. Ukijenga kwa ajili ya matoleo ya chini yake, utaona majina yanayoanza na `__emutls_v.`, usiyatafutie `.tbss`, hayamo.

Kabla ya kuyaendesha majaribio, futa `.o` zote za zamani. Umeme ulikatika katikati ya ujenzi usiku ule, na uliporudi nikapoteza karibu saa nzima nikisoma kaunta.o iliyotoka kwa kompaila ya kabla ya ukarabati.

Jumamosi iliyofuata binti alirudi. Jina lake lilikuwa `salio` tena kwenye faili zote mbili. Nilimwonyesha ujumbe niliouandika kwa ajili ya `kosa_uzi`: "mgongano wa sifa ya uhifadhi katika tamko rudufu". Akausoma mara mbili, akaniuliza, "Maalim, huyu anayesoma atajuaje aandike nini?" Nikampa kibodi. Sasa kompaila inasema hivi, naye ndiye aliyeandika:

```
mizani.c:4: 'salio' hapa ni ya kila uzi, lakini mstari wa 1 haikuwa.
            Ongeza _Thread_local mstari wa 1, au iondoe hapa.
```